Ukurasa wa Shangazi Hyasinta Kati ya Mashujaa Waliokufa

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mkuu wetu wa Shule, Mwalimu Zulekha. Walimu na wazazi wetu, shikamooni. Na ninyi wahitimu wenzangu mnaoshangaa kuniona nimeshika maiki, mimi ambaye hata jina langu likiitwa darasani huitikia kwa kunyoosha kidole, mambo?

Nina jambo sijapata kumwambia mtu. Chini ya godoro langu wanalala mashujaa waliokufa.

Ni kitabu. Kilikuja ndani ya belo la mitumba dukani kwa baba, Mtaa wa Narung'ombe, kimejificha katikati ya makoti. Ni cha zamani, cha Kiingereza, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Kinaorodhesha mashujaa wa katuni waliokufa, kila mmoja na ukurasa wake: jina, nguvu zake, udhaifu wake, alivyokufa. Na chini kabisa kuna mstari mmoja: nani alivaa joho lake baada yake. Nikadhani ni mambo ya wazungu hayo. Halafu nikajiuliza: kwani sisi hatufanyi hivyohivyo? Tena sisi wala hatuhitaji joho, tunapeana jina.

Mimi ni Hyasinta kwa sababu shangazi yangu alikuwa Hyasinta, dada mkubwa wa baba. Ndiyo maana baba, Mzee Rogath, yule pale mwenye shati la kijani, kila asubuhi huniambia, "Shikamoo dada," nami humjibu, "Marahaba mdogo wangu, umeamkaje?" Wateja hucheka mpaka wanasahau kuomba punguzo.

Shangazi alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Alianguka akichora bango la duka la jirani, akafariki. Ulikuwa msimu wa sikukuu, kila mtu ana mteja mbele yake, akapanda ngazi bila mtu wa kuishika. Tangu hapo nyumbani kwetu brashi haiingii. Siku baba aliponikuta nachora ubavuni mwa boksi, aliniambia taratibu tu, "Jina umerithi. Linatosha."

Basi nikawa najificha. Mwezi uliopita nilimchorea shangazi ukurasa wake, kama wa kile kitabu. Nguvu: herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Udhaifu: kuogopa mbwa. Mara nikasikia ndala za baba zinakuja koridoni. Daftari la hesabu lilikuwa palepale, tayari kufunika. Sijui nilipatwa na nini, mkono ulikataa. Mlango ukafunguka, ukurasa uko wazi mezani.

Baba aliusoma akiwa amesimama. "Umekosea," akasema. "Aliyeogopa mbwa ni mimi. Dada ndiye aliyekuwa ananifukuzia." Kidole chake kikashuka mpaka mstari wa mwisho. Mtupu. Akautazama kidogo, akasema, "Njoo ule, ugali unapoa," akatoka. Hatujauzungumzia tena.

Ndugu wazazi, ni nani hapa hajampa mtoto jina la marehemu? Na mlipotupa majina yale, mlitaka tuwe picha ya ukutani tu? Mbona tukipika vizuri kama bibi mnasema damu haipotei, lakini tukitaka kupanda alikopanda shangazi mnasema jina linatosha?

Kuna fundi wa mabango pale mtaani Gerezani. Amekubali kunifundisha kuanzia Jumatatu. Lakini ana utaratibu wake wa kizamani: hapokei mwanafunzi ambaye mzazi hajamleta mwenyewe na kumkabidhi kwa mkono. Kwa hiyo ule mstari wa mwisho siwezi kuujaza peke yangu.

Baba, hofu yako naiheshimu. Jioni nitakuwa dukani, mizigo nitapanga kama kawaida. Ila kuchora siachi, na kujificha nimeacha. Na kwa kuwa kila asubuhi ni wewe unayenipa cheo, leo naomba nikitumie, tena mbele ya mgeni rasmi.

Rogath, mdogo wangu: Jumatatu nipeleke Gerezani. Na siku nitakayopanda, nishikie ngazi.

Nawashukuru nyote mlionitegea masikio.