Mama Vipimo wa Nyumba ya Pampu

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kulia nasi, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkewe, akasoma shule ya msingi mwaka 1966 hadi 1972, sekondari hadi 1976, kisha chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la watu thelathini na mmoja, na tarehe 2 Januari 1980 akaajiriwa kuwa fundi mitambo katika nyumba ya pampu za maji ya mji huu, alikodumu miaka thelathini na minane.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu watano.

Kazini aliandika kila asubuhi na jioni joto na mtetemo wa kila pampu, ili mashine ifunguliwe namba zinapoonyesha dalili, isingojewe mpaka ivunjike, na wenzake wakambandika jina la Mama Vipimo, shemeji akiongeza kwamba hata chai nyumbani hainyweki kabla haijapimwa.

Mwezi Juni 1991 namba zilionyesha beringi ya pampu ya pili, ile pete ya chuma inayoshikilia mhimili unaozunguka, inachemka, akashikilia izimwe, mji ukakaa siku mbili bila maji, na ilipofunguliwa ikakutwa nzima. Mhandisi mkuu alimkaripia, akatukanwa hadi mtaani, akarudi nyumbani akakaa jikoni bila kuvua viatu vya kazi, lakini kesho yake alikikagua kipimajoto chenyewe, akakuta ndicho kibovu, akasimama mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Namba zilikuwa za uongo na mimi sikuzihakiki, kosa ni langu." Tangu hapo hakuamini namba ya kifaa kimoja.

Tarehe 9 Septemba 1997, vipimajoto viwili vilipokubaliana kwamba beringi ya pampu ya nne inachemka, mhandisi mkuu, yule yule aliyemkaripia, alimwuliza, "Una hakika, mama?" naye akajibu, "Safari hii nimepima mara mbili, ila anayesaini ni wewe." Mhandisi akasaini kibali cha kuizima, beringi ikakutwa imepasuka, ikabadilishwa kwa saa sita, na mjini hakuna aliyejua lolote, jambo ambalo dada alisema ndiyo sifa pekee aliyoitaka.

Aliugua figo tangu Februari 2022, akatutoka Jumanne, tarehe 16 Aprili 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliompeleka hospitali kwa zamu, na ninyi mafundi wenzake mliotoka kazini moja kwa moja kuja hapa. Dada, kazi umeifanya na umeimaliza, sasa pumzika kwa amani.