Mama Kanyere, Aliyezipa Amri Zetu Majina Yanayoeleweka

Tarehe 30 Juni 2024, baada ya miaka ishirini na mmoja ya utumishi, Mama Kanyere Eugénie anastaafu. Biro ya enformatik, yaani ofisi ya kompyuta ya shirika letu hapa Goma, inabaki na kiti chake na birika lake la chai, ambalo hakuna anayethubutu kuligusa.

Alikuja kutoka Butembo mwaka 2003, vita vikiwa vimetawanya watoto wengi, akaanza kutunga maktaba ya programu yetu: amri zilizoandikwa tayari, ambazo mafundi wa shirika huziita kwa majina wanapowatafutia watoto wazazi wao. Mnande halisi, alizipa amri majina kama watoto wanavyopewa kwao, kwa kufuata aliyetangulia kuzaliwa: Ya Kwanza, Ya Pili, Ya Tatu. Yeye, mama yao, alizijua zote. Sisi majirani tulibahatisha.

Mwaka 2012, wakimbizi walipojaa kambi ya Kanyaruchinya, fundi mwenzetu Samy alitaka kuhamishia jina la mtoto kambi nyingine. Akaita Ya Nne badala ya Ya Tatu, na faili likafungwa kana kwamba mtoto amesharudi nyumbani, hakuna aliyemfuatilia tena. Mama wa mtoto huyo, Nyiramahirwe, alifika bironi akauliza tu: "Mutoto wangu mulimupeleka wapi?" Mama Kanyere aliacha kompyuta, akazunguka kwa miguu hadi akampata mtoto kwa familia moja ya mtaa wa Mapendo. Tulilia wote, wanaume pia, ingawa Samy anakana mpaka leo.

Tangu hapo, hakuna amri iliyoingia maktabani kabla ya mpishi wetu, Papa Anastase, kusomewa jina la amri hiyo na kueleza anadhani itafanya nini. Asipoelewa, jina linatafutwa upya. HamishaMtotoKambiNyingine lilipita mara moja. FungaFailiMtotoAkishapokelewaNaMzazi lilichekwa kwa urefu wake, lakini Mama hakupunguza hata herufi.

Februari hii, watu walipokimbia tena kutoka Masisi, yeye alikuwa likizoni kwao. Prodige, aliyeajiriwa majuzi, alifanya kazi na maktaba ile peke yake, na kila mtoto aliyeandikwa alijulikana alipo. Mama aliporudi alinung'unika kwamba simu yake haikulia hata mara moja. Alikuwa anatabasamu.

Aksanti sana, Mama Kanyere. Pumzika vema Butembo, kati ya wajukuu. Simu yako ikilia kutoka Goma, usishtuke: tutakuwa tunakusalimia tu.