Masahihisho ya Mwisho ya Micah Odero

Wachungaji, wazee, majirani, watu wa redio na magazeti, na waheshimiwa mlioketi pale mbele bila kuelekezwa, familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yetu Micah Odero, na kwa kuwa mwenyewe aliacha ameagiza asisifiwe kwa jambo ambalo hakulifanya, tutasema yaliyokuwa, na anayetaka sukari zaidi atangoja chai. Kuna pia deni la maneno ambalo marehemu hakuwahi kulimaliza, na kwa sababu yake kuna mtu wa familia hii amesimama nje ya lango mpaka sasa, kwa hiyo naomba simu zizimwe na wale wa nyuma ya hema wanyamaze.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 katika nyumba za reli hapa Nakuru, mtoto wa tatu wa Mzee Nashon, fundi wa mabehewa, na Mama Truphosa, aliyeuza samaki sokoni, akasoma msingi hapa mjini kutoka 1973 hadi 1979, akaingia sekondari moja upande wa Njoro mwaka 1980, akafukuzwa 1982 kwa kubandika ukutani hesabu ya vikombe vya maziwa vilivyoingia shuleni na vile vilivyofika mezani, na tangu siku hiyo hakuwa na mwalimu mwingine ila magazeti ya kufungia nyama, ambayo aliyasoma yote, hata pale penye mafuta.

Mwaka 1991 aliajiriwa na gazeti moja baada ya kuliandikia barua kumi na saba za kulionyesha makosa yake, kisha 2005 akahamia redio, na tarehe 12 Desemba 1992 alikuwa amemwoa Chepkosgei, mwalimu wa chekechea, dada ya Kiprugut, mkulima wa ngano kule Njoro, wakabarikiwa na Mitchelle na Quincy. Hatutasema alikuwa mpole. Hakuwa. Alikuwa akikasirika kabla ya kusalimiwa, lakini hakuna mtu hapa anayeweza kusema alimsema vizuri mbele na vibaya nyuma, kwa maana vibaya alikuwa akimaliza vyote mbele.

Januari 2008, mji ulipowaka kwa ghasia za uchaguzi, Kiprugut alikuja na trekta, akawachukua Micah na jamaa yake, akawaficha katika ghala lake la mahindi siku kumi na moja, na humo ndani marehemu alihesabu siku kwa punje, akihamisha moja kila asubuhi kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, akatoka na tabia hiyo, ikawa ndiyo kazi yake. Mikutano yote ya siasa kuanzia Molo hadi Gilgil aliihesabu hivyo, punje moja kwa watu kumi, na mkutano ukiwa mdogo, punje moja kwa kila mtu. Mheshimiwa mmoja alipoleta redioni picha ya umati wake wa Kariandusi, huku bara mbali na pwani, marehemu aliitazama, akamwuliza hewani, "Boss, hii minazi ya Kariandusi ilipandwa lini?" Na Juni 2024, vijana walipojaa Barabara ya Kenyatta kuandamana, mahindi yalimwishia kabla ya saa sita, akatangaza vivyo hivyo, kwamba punje zimeisha na watu bado wanakuja.

Kila Ijumaa saa mbili asubuhi, kabla ya kumkosoa mtu yeyote, alisoma masahihisho, yaani makosa yake mwenyewe ya wiki hiyo, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwaka 2017 Kiprugut aliwania udiwani, mabango yake yakisema anakuja na bahari ya watu, na Jumamosi ya tarehe 22 Julai akafanya mkutano kwenye uwanja wa soko, marehemu akaenda na mahindi yake, na jioni akatangaza kwamba waliohudhuria walikuwa watu thelathini na wawili na ng'ombe wawili, mmoja akiwa amelala. Kiprugut alishindwa, watoto wa sokoni wakambatiza Thelathini na Mbili, akaja mpaka langoni hapa akasema, "Shemeji, nilikulisha ghalani, sasa umenihesabu kama kuku," akaapa hatakanyaga boma hili mpaka hesabu hiyo isahihishwe mbele ya watu. Marehemu akamjibu kwamba ghala ni ghala na hesabu ni hesabu, alete ushahidi. Miaka minane ikapita hivyo, arusi ya Mitchelle ikiwemo, mjomba akipokea pilau yake nje ya lango.

Septemba mwaka huu marehemu alilazwa kwa ugonjwa wa figo katika hospitali ya hapa Nakuru, na Kiprugut, aliyesema wodi si boma la Micah, akaenda na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, na picha ya mkutano ule. "Sihesabu kwa maziwa," akasema marehemu, kisha akanywa maziwa, akaomba mahindi. Mitchelle akaikuza picha kwenye simu, wakahesabu wote watatu juu ya blanketi, wakafika thelathini na wawili, na pembeni wakaona mwavuli mkubwa wa kijani, na chini yake jozi mbili za miguu, moja ndani ya gumboti, nyingine ndani ya viatu vya kanisani.

Mwavuli huo ulikuwa wa Kogo Cheruto, mama mkwe wake. Marehemu, kama alivyolelewa na Mama Truphosa, hakuwa akimkodolea macho mama mkwe, kwa hiyo siku ile ya mkutano alipouona mwavuli aligeuza uso kwa heshima, na upande ule wote haukuhesabiwa. Gumboti zilikuwa za Kogo. Marehemu alipouliza vile viatu vya kanisani ni vya nani, Chepkosgei, aliyekuwa amekatazwa na mumewe mikutano yote kwa kuwa ni mke wa mwandishi, aliendelea kukoroga uji wa mgonjwa kando ya kitanda, akasema, "Ni vya mpiga kura."

Marehemu alicheka mpaka nesi akaja. Akaandika masahihisho ayasome Ijumaa tarehe 14 Novemba, lakini Jumatano tarehe 12, saa kumi alfajiri, Mungu akamwita, kwa hiyo nayasoma mimi, kama alivyoyaandika: "Katika taarifa ya tarehe 22 Julai 2017 nilisema watu thelathini na wawili. Walikuwa thelathini na wanne. Niliowaacha ni mke wangu na mama yake. Ng'ombe ni walewale. Namwomba radhi Kiprugut, aliyenificha siku kumi na moja, nami nikashindwa kumhesabu vizuri siku moja."

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliovumilia mahindi kitandani, majirani kwa kuni na maji, na wenzake wa redio, ambao wameahidi kuendelea na Ijumaa.

Idadi yenu leo haikuandikwa hapa, kwa sababu karatasi hii iliandikwa jana, na marehemu asingekubali watu wahesabiwe kabla hawajafika. Lakini tangu asubuhi Kiprugut yuko pale langoni, mkono mfukoni, akihamisha punje. Kiprugut, umesikia, na watu wamesikia. Ingia, utuambie tuko wangapi, na usisahau upande wa mama mkwe.

Micah, pumzika kwa amani, hesabu anayo shemeji yako.