Mzee Rudi Nyuma, Mlinzi wa Vipimo Kumi na Vinne

Basi lilimshusha mdogo wa marehemu mbele ya geti la kiwanda cha saruji, saa saba mchana, tarehe 2 Juni 2023. Alikuwa mtu wa safari. Angeweza kuomba maji kwa lugha saba, lakini hakujua kaka yake anakaa mtaa gani. Akamuuliza muuza vocha aliyekuwa kando ya geti.

"Mzee Rudi Nyuma? Nyumba ya mwisho kule, ukuta wa kijani," alijibu yule muuza vocha. Kisha akaongeza, kwa wema kabisa: "Ila usikae naye karibu sana, bwana. Yule ana mionzi."

Wasifu huu unasomwa ili neno hilo lizikwe leo kabla ya mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya wawili, katika chumba nyuma ya duka la baba yao, fundi saa. Mama yao alikuwa mshonaji. Tangu utotoni hakuamini saa kwa kuitazama, mpaka aisikilize. Akiwa na miaka tisa alimkimbilia mteja mlangoni: "Samahani, mzee, saa yako imependeza lakini haitembei." Baba alimfinya sikio kwa kumwaibisha, halafu akaifungua ile saa upya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akaendelea na sekondari, na mwaka 1981 alihitimu chuo cha ufundi katika fani ya umeme na vyombo vya kupimia. Walimu walimsifu kwa mwandiko, wakamlalamikia kwa maswali.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa na kiwanda hiki. Mwaka 1989 alipelekwa mafunzo ya wiki sita, akarudi na kazi ambayo hakuna aliyeililia: kulinda vipimo kumi na vinne vya mionzi. Kipimo cha namna hiyo hufungwa ubavuni mwa tangi la chuma. Hupitisha miale hadi upande wa pili, na walio chumba cha mitambo wakajua tangi limejaa kiasi gani bila kulifungua. Punje yenye mionzi imefungiwa ndani ya chuma kizito, na ina kifuniko. Kifuniko kikifungwa, miale haitoki. Na mtu aliyepitiwa na miale hiyo habaki nayo mwilini, kama vile aliyesimama mbele ya taa asivyoondoka na mwanga mfukoni. Maneno hayo marehemu aliyasema kwa miaka ishirini na tisa. Waliomsikiliza walitikisa vichwa kukubali, kisha wakahamisha viti.

Maana hilo ndilo lililomkaa moyoni. Chini ya kipimo namba nne palikuwa na kivuli kizuri, na mafundi walipenda kulia chakula pale pale, migongo imeegemea chuma. Akija kuwafukuza, "Rudini nyuma, jamani, rudini!", walihama huku wakicheka, na jina likamganda. Lakini akikaa yeye kwenye benchi la kantini, benchi zima lilihama. Walikiegemea kipimo, wakamwogopa mlinzi wake. Alikula peke yake tangu 1989 hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2018, na kila siku alifunika bakuli lake vizuri, asije mtu akaogopa hata mvuke.

Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa na karani wa maktaba. Siku ya kutambulishwa, mama mkwe alisimama na kitambaa na kupangusa kiti alichokalia mkwe wake. Bibi harusi mtarajiwa akasema, "Mama, mchumba wangu si rangi mbichi, hashikani na nguo." Ndoa yao ilikuwa na kelele za kutaniana, na walijaliwa binti mmoja. Mkewe alitangulia tarehe 20 Januari 2009. Toka hapo, nyumba ile ilikuwa na vikombe sita na kimoja tu kilichotumika.

Asubuhi ya tarehe 19 Agosti 2004 tangi la tatu liliziba, na mafundi watatu wakatakiwa kuingia kulizibua. Mkono wa kufungia kipimo ulikuwa umegeuzwa hadi kwenye neno IMEFUNGWA. Kila mtu aliliona. Marehemu alipanda na mashine yake ndogo ya kupimia mionzi, ikalia.

"Mzee, mkono unasema imefungwa," alisema msimamizi wa zamu.

"Mkono unasema. Mashine inakataa."

"Kiwanda kizima kimesimama kwa ajili ya kijidude chako!"

"Kisimame. Kiwanda hakina watoto nyumbani."

Fundi wa kuchomelea alikuwa amekwisha kuingiza mguu mmoja. "Sasa niingie au nitoke? Mguu umeshakufa ganzi."

"Toka," marehemu alimwambia. Akafunga mlango wa tangi na kuukalia.

Aliukalia hadi jioni, na kesho yake tena. Siku ya tatu alikuja mtaalamu wa vipimo hivyo, akakifungua kile cha tangi la tatu na kukuta pini ya ndani imekatika. Mkono uligeuka, kifuniko kikabaki wazi. Wale watatu wangefanya kazi siku nzima wakipigwa na miale bila kuhisi chochote. Barua ya onyo aliyoandikiwa siku ya kwanza haikufutwa. Wala hakuna aliyekuja kukaa kwenye benchi lake.

Alianza kuugua Oktoba 2021. Daktari ameruhusu isemwe hadharani: ni moyo uliopanuka kwa shinikizo la damu la miaka mingi, ugonjwa ule ule uliomchukua baba yao, ambaye maisha yake yote alishika saa tu. Beji ya kupima mionzi aliyovaa kifuani ilisomwa maabara kila mwaka, na hakuna mwaka ilipovuka kiwango kinachoruhusiwa. Karatasi zote anazo binti yake, na anayetaka kuziona aje azione.

Siku ya mwisho hospitalini alimuuliza mdogo wake, "Watakuja?"

"Nani, kaka?"

"Wa kubeba."

"Watakuja mpaka wagombanie."

"Bwana mdogo," alisema, akicheka kwa shida, "nchi zote hizo ulizotembea, bado hujajifunza kudanganya." Alifariki tarehe 11 Juni 2023, saa mbili asubuhi.

Jana, kwenye mlango wa chumba cha maiti, jeneza lilikuwa na mishikio sita na watu wanne: binti, mumewe, mdogo wa marehemu na mhudumu. Ng'ambo ya barabara walisimama wanaume wa kiwandani wapatao kumi, mikono nyuma. Akavuka mmoja, yule fundi wa kuchomelea, amevaa glavu zake za ngozi.

"Binti, niambie kweli. Hana kitu?"

"Ana uzito, mjomba. Ndiyo maana tunahitaji watu."

 Fundi akavua glavu, akazitia mfukoni, akashika mshikio. Kisha akageuka: "Nyie! Mnangoja mwaliko?" Wakavuka wote, na wengine wakakosa pa kushika.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili na mdogo wake. Siku zote mdogo ndiye aliyeondoka na mkubwa akabaki. Leo mkubwa ndiye anayeondoka, na mdogo amerudisha tiketi yake.

Apumzike kwa amani. Sisi tuko salama.