Nani Kasogeza Alama za Kumi na Sita

Kijiwe chetu kiko nje ya uzio wa uwanja wa gofu, kwenye kona ya lango la wafanyakazi. Ni benchi moja refu la mbao, mguu mmoja umefungwa waya, na pembeni yake ndipo ilipo meza yangu ya viatu. Wachezaji wananiletea vya kwao nibadilishe njumu zilizolika. Ukikaa hapo, kupitia matundu ya seng'enge, unaliona shimo la kumi na sita peke yake. Na kwa kuwa hilo ndilo tunaloliona, tumekubaliana siku nyingi kwamba hilo ndilo linaloamua ubingwa. Wanaokaa ni wale wale. Yuko Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku, ila zamani alishika kamba ya wapima ardhi, na tangu hapo hafungui mdomo bila kusema "kitaalamu". Yuko Antena, anayezamia bwawani kuokota mipira iliyopotea na kuwauzia wenyewe. Yuko Shemeji, muuza kahawa, aliyeolewa na rafiki wa mmoja wetu akawa shemeji wa kijiwe kizima. Na yuko Mizani, kedi, yule anayebeba begi la fimbo na kumshauri mchezaji apige vipi na aelekeze wapi.

Jioni hiyo ubingwa wa wanawake ulikuwa umebakiza raundi ya mwisho. Aliyeongoza, kwa pigo moja tu, alikuwa Mama Dawa, mwenye duka la dawa, na begi lake alibeba Mizani. Aliyemfuata ni dada mmoja tuliyemwita Mpwa, maana mjomba wake ndiye mwenyekiti wa klabu. Mwaka jana, pale pale kumi na sita, Mizani alimwambia mchezaji wake avuke maji, na mpira ukazama pamoja na ubingwa. Tangu hapo akawa wa kukaa bandani na makedi wenzake, wao wanaitwa, yeye anabaki kupangusa benchi kwa suruali. Mama Dawa ndiye aliyemwita, tena akamwambia wazi kwamba wakimaliza vizuri atamchukua awe kedi wake kila uwanja atakaokwenda. Kwa hiyo neno moja la kesho lingemtoa bandani au lingemrudisha, na yeye alilijua hilo kuliko sisi. Kahawa yake ilikuwa imepoa.

Kumi na sita lenyewe liko hivi. Unasimama kati ya alama mbili nyeupe za kuanzia. Mbele yako bwawa, ng'ambo ya bwawa ndiyo grini, zile nyasi za kunyolewa zenye bendera. Mwenye kuogopa anapita kulia, kwenye njia inayoteremka ikizunguka maji, anafika kwa mapigo mawili. Mwenye kujiamini anavusha juu ya maji, anafika kwa moja, au anampa Antena riziki yake.

Antena alifika nywele zikiwa bado zinachuruzika.

— Alama zimesogezwa, alisema kabla hajakaa. Zimeletwa mbele, karibu na maji.

— Na nani? Mizani aliuliza.

— Kaka yake huyu, mkata nyasi. Nimemuona mwenyewe, kachuchumaa anazichomeka taratibu kama mtu anayepanda mche.

Macho yote yakamwendea Shemeji. Akasema bila kuacha kumimina kwamba kaka yake alilalamika tangu juzi, pale pa zamani nyasi zimekwisha, pamebaki udongo mtupu, wachezaji wanateleza. Kapeleka alama kwenye nyasi nzima. Basi.

Profesa akacheka kwa pua.

— Kitaalamu, hilo ndilo jibu ambalo mtu aliyetumwa angefundishwa kulitoa.

Nakiri kwamba mimi nilikuwa upande wa Profesa. Nimekaa kwenye kona hii muda mrefu, na sijawahi kuona klabu ile ikijali nani anateleza. Wanaoteleza ndio wanaoniletea viatu.

Profesa akavuta kijiti akachora bwawa mavumbini. Maelezo yake yalikuwa marefu, lakini kiini chake ni kwamba alama zikisogea mbele, maji yanaonekana membamba, na mtu anayeongoza kwa pigo moja anaingiwa na tamaa ya kumaliza kazi. Mama Dawa atavusha, atazama. Mpwa ameshaambiwa nyumbani kwao apite kulia. Mtego umetegwa, panya ni Mama Dawa.

— Kwa hiyo tupite kulia, alisema Mizani.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama, alisema Antena.

— Sasa hapo ndipo mnapokosea, alisema Profesa. Wanajua mtashtuka mpite kulia. Mvumilivu hula mbivu, na mbivu iko wapi? Iko juu. Piteni juu ya maji.

Mizani akamwangalia kama mtu aliyeuliza njia akapewa mbili. Akasema yeye anachotaka ni kujua moja tu, avushe au asivushe, na kama hatuna jibu tumwache alale na kichwa chake. Hakuna aliyemwacha.

Antena alikuwa na lake, na lake lilitoka majini. Alisema wiki hii bwawa limepanda. Mahali alipokuwa anasimama maji yakimfika kifuani, sasa yanamfika kidevuni. Mvua haijanyesha. Nani kafungulia bomba? Shemeji akauliza kama hajafikiria kwamba tope la chini huwa linadidimia, na yeye analikanyaga kila siku. Antena akasema tope analijua, wala tope halina mjomba klabuni.

— Halafu kuna bata, aliongeza, na sauti akaishusha.

— Bata gani?

— Bata wawili. Hawakuwapo. Wamekuja Jumatatu, mashindano yalipoanza. Leo asubuhi Mama Dawa aliponyanyua fimbo, mmoja akalia. Mpwa alipopiga, kimya.

Mimi hapo niliweka nyundo chini. Profesa alifumba macho akifikiri, akatuambia kwamba bata akilishwa mahali pamoja kwa saa ile ile, hulia saa hiyo ifikapo, na Mama Dawa kesho anaanza saa ile ile. Akamalizia kwa kusema ukiona vyaelea vimeundwa. Antena akasema ni kweli kabisa, ndiyo maana mipira haielei, na kwa muda kidogo tulilipima hilo kwa uzito mkubwa kuliko lilivyostahili.

Ikafuata miti. Miti ya upande wa machweo ilipunguzwa matawi mwezi uliopita, nani aliomba? Ikafuata bendera, ambayo Profesa alisema mlingoti wake umebadilishwa ukawekwa mwembamba ili umbali uonekane mrefu. Nikamuuliza kama alama zimesogezwa maji yaonekane membamba, mbona tena mlingoti ufanye umbali uonekane mrefu. Alinijibu kwamba mwenye nia mbaya hafungi mlango mmoja. Na ikafuata kahawa. Antena alikiangalia kikombe chake, akamuangalia Shemeji, akasema hivi kaka mtu anapokata nyasi na dada mtu anapompikia kedi wa upande wa pili kahawa, huo si mkono mmoja?

Shemeji akamnyang'anya kikombe.

— Mimi nakupikia tangu hujui kuogelea, alisema. Mficha uchi hazai, Antena. Sema unachotaka kusema.

— Ndiyo hiyo, alidakia Profesa. Mficha uchi hazai. Asiyezaa hana mashahidi. Ndiyo maana wanaficha.

Zamu yangu nayo ikafika, maana shaka ikishakaa benchi haichagui. Profesa alikumbuka kwamba Mpwa aliniletea viatu jana. Nikasema ndiyo, njumu mbili zililika. Za mguu gani? Wa kulia. Wakaangaliana. Nikaulizwa kwa nini nisiseme mapema kwamba Mpwa anakanyagia mguu wa kulia, kwamba yeye anajiandaa kuvusha, kwamba nimekaa na siri ya ushindi kwenye debe la misumari. Nikasema viatu ni vya mteja na udongo wake ni wa mteja, na nisingefungua mdomo hata kwa mwenyekiti. Nilikasirika kweli. Kibaya zaidi, usiku uliopita hata mimi nilikuwa nimevigeuza vile viatu nikavitazama chini nikitafuta kitu.

— Wa kuulizwa si fundi, alisema Antena. Ni huyu hapa. Mizani, leo bandani ulisimama na kedi wa Mpwa. Mlikuwa mnaongea nini?

Mizani alijibu akitazama mchoro wa Profesa.

— Nilikuwa namchunguza. Mimi sijalala tangu mashindano yaanze. Nimemsoma yule jamaa mpaka mwisho. Akishika kofia, Mpwa anapiga fimbo ndefu. Akijikuna sikio, wanapita pembeni. Leo pale kumi na sita sikumuondolea macho hata kidogo. Alijikuna sikio la kushoto, halafu akaangalia bata.

— Akaangalia bata, alirudia Antena taratibu.

— Nawaambieni. Na mwaka jana ningefanya hivi hivi nisingezama. Mwaka jana niliamini watu. Mwaka huu simwamini mtu yeyote mule ndani, na ndiyo maana tunaongoza.

Nikamhurumia. Alikuwa amekonda. Tangu aitwe kubeba begi lile alikuwa akipita kwenye meza yangu bila salamu, macho yanaruka huku na huku, na mimi nikidhani ndivyo umakini unavyokuwa. Profesa akampigapiga begani, akamwambia yuko tayari, sasa kilichobaki ni kuamua. Wakaanza upya. Labda bata wahamishwe alfajiri. Labda mkata nyasi aitwe kwenye msiba wa uongo. Labda Mizani ajikune sikio yeye kwanza, ili kedi wa Mpwa achanganyikiwe.

Sijui Mama Dawa alikuwa amesimama nyuma yetu tangu lini. Alikuja kuchukua viatu vyake, nilivyokuwa nimevimaliza mchana. Alikuwa bado na kofia ya uwanjani, mkoba wa dukani begani, na uso wa mtu aliyetoka kuhudumia wateja. Nikamkaribisha, Shemeji akampangusia nafasi. Akasema asante, hakai, anarudi kufunga duka. Akavigeuza viatu, akazijaribu njumu kwa kidole, akaridhika. Profesa alishaanza kuufuta mchoro kwa kandambili.

— Usifute, mzee, alisema. Nimesikia alama zimesogea. Ni kweli?

Tukasema ni kweli, wote kwa pamoja, na kila mmoja akataka kumweleza la kwake. Alituachia tuseme. La bata alilisikiliza mpaka mwisho, hata akatabasamu. Kisha akamgeukia Mizani.

— Kaka Mizani, na mimi nina swali dogo. Leo nilipita kulia. Mpira niliukuta chini kabisa ya mteremko, lakini huko ulibingirika tu. Mimi nikishapiga jua la pale linanikamata machoni, sioni kitu. Ulitua wapi?

Mizani akainua kichwa.

— Ulitua...

— Kabla ya kubingirika. Juu ya maji hakuna kubingirika. Nikijua ulitua wapi, nitajua kama kesho kutoka hizo alama mpya ninavuka au sivuki. Sihitaji kingine.

Tulimwangalia Mizani. Antena alimwangalia Mizani. Profesa alifungua mdomo, nadhani alitaka kusema kitaalamu, akaufunga. Kila mmoja wetu alikuwa kwenye seng'enge asubuhi ile. Mimi nilikuwa naangalia viatu vya Mpwa. Antena alikuwa na bata wake. Profesa alikuwa anapima kivuli cha miti. Nikatafuta kichwani mwangu ule mpira wa Mama Dawa, sikuupata popote.

— Sikuuona, mama, alisema Mizani. Nilikuwa namtazama kedi wa Mpwa.

Mama Dawa hakupandisha sauti. Aliviweka viatu mkobani kimoja kimoja, soli zikiangaliana.

— Na raundi za kabla ya leo?

Mizani akatikisa kichwa.

— Sawa, alisema yule mama. Kule stoo kuna kigari cha kuvutia begi. Kesho nitakitumia hicho.

Akatuaga kwa heshima, akampa pole Shemeji kwa kazi, akashika njia ya dukani. Profesa akainama mbele, akauliza kwa sauti ya chini:

— Sasa huyu naye katumwa na nani?

Shemeji alikuwa anakusanya vikombe, vilivyojaa na vilivyokwisha. Mizani alikuwa ameshanyanyuka, anamfuata yule mama mbio kando ya barabara, na safari hii hakugeuka kuona nani anamtazama.