Firigisi ya Mwenye Nyumba

Treni ya jioni ilikuwa haijatoka stesheni ya mjini, lakini Wekulo alikuwa ameshamfuta kazi mwenyekiti wa chama chake mara mbili. Matokeo ya urais yalitangazwa jana, na chama kilikuwa kimeshindwa kwa mara ya tatu, mwenyekiti akiwa yule yule.

“Ang’atuke!” alimwambia mama mmoja asiyemjua, aliyeketi mbele yake akiwa amepakata kikapu chenye kuku. “Mkubwa asiyeleta kitu nyumbani ni wa nini?”

“Kweli kabisa, baba,” mama akasema, kwa upole uliomfurahisha Wekulo. “Na kwa hiyo lafudhi, wewe ni mtu wa kwetu magharibi. Kuku akipikwa kwako, firigisi hula nani?”

“Mimi! Si ndiyo haki ya mwenye nyumba?”

“Na huyo kuku hununuliwa na nani?”

Wekulo akakohoa. Tangu kiwanda alichofanyia kazi kifungwe, kuku, unga na hata tiketi ya leo vilitoka kwa mkewe, Everline.

“Mke wangu hunisaidia kidogo.”

“Tangu lini?”

“Kama miaka mitano hivi.”

“Muhula mzima!” mama akashangaa. “Na firigisi hujaachia?”

Behewa zima likaangua kicheko. Hata kuku akachomoza kichwa kumtazama.

Treni iliposimama Makadara, Wekulo akashuka bila kuaga. Tiketi yake ilikuwa ya Donholm, kituo kinachofuata, lakini aliona heri atembee kuliko kung’atuka mbele ya kuku.