Mkono wa Kulia wa Fundi Otmar

Mzee Otmar Makoye alizaliwa tarehe 12 Machi 1938 huko Ushirombo, mtoto wa pili wa marehemu Onesmo Makoye na marehemu Bernadina. Alisoma shule ya misheni hapo hapo hadi darasa la nne, mwaka 1951. Masomo yalipokwisha, bruda mmoja alimketisha mbele ya cherehani, naye hakutaka kazi nyingine tena.

Mwaka 1961 alihamia Shinyanga, akapewa nafasi barazani kwa Bwana Nazir, mwenye duka la vitambaa. Enzi zile baraza hiyo ilinukia khaki mpya na mafuta ya cherehani. Wachimbaji wa Geita walifunga safari kuja kushonewa mifuko ya ndani ya kufichia dhahabu.

"Fundi, mfuko huu hata mke wangu asiuone," mmoja alimwambia.

"Basi na kufua ufue mwenyewe," alijibu, mguu ukiendelea kukanyaga.

Tarehe 6 Julai 1963 alifunga ndoa na Anisia. Gauni la bibi harusi alilishona yeye. Hakumpima, alikisia kwa macho tu, na likamkaa.

Tarehe 9 Februari 1996 kiharusi kilimpata akiwa kazini. Mkono wa kulia ukalala. Kuacha kushona kulimuuma, lakini kula kulimuuma zaidi. Aliona aibu kutia mkono wa kushoto kwenye sahani ya pamoja, akawa anakula peke yake chumbani. Mdogo wake Agapiti alikuja kumjulia hali, akamngoja mezani bila mafanikio, akarudi Ushirombo amenuna. "Kaka kanichoka," alisema mlangoni. Otmar alisikia akiwa chumbani.

Nurjahan, mke wa Nazir, aliyezoeleka kama Mama Fahim, alimwita sebuleni kwake kucheza gemu la magari kwenye televisheni, ili vitufe viamshe vidole. Kwa wiki tatu Otmar alishinda na kupigiwa makofi, hadi Nurjahan alipochungulia: kazi yote ilifanywa na mkono wa kushoto! Akachukua futi ya fundi mwenyewe, akaufunga mkono huo kwenye kiti.

"Fundi, gari limeingia mtaroni tena!"

"Barabara yenu mbovu, Mama Fahim."

"Mbona jana ulikuwa unaisifia?"

Hivyo ndivyo zilivyopita alasiri za mwaka ule. Kwanza lilitikisika dole gumba. Kufikia Novemba aliweza kushika kikombe.

Krismasi alimwita Agapiti, akamweleza yote, wakanawa, sahani ikawekwa katikati. Tonge la kwanza lilianguka. La pili likafika mdomoni.

"Taratibu, kaka," Agapiti alisema, machozi yakimlengalenga. "Hatukimbizwi."

Kiharusi cha pili kilimchukua Jumanne, tarehe 14 Septemba 1999, nyumbani kwake Shinyanga.

Ameacha mjane, Anisia, mabinti Klara, Scolastika na Suzana, wajukuu saba, na Agapiti, ambaye tangu Krismasi ile hakukubali sikukuu yoyote kaka yake ale peke yake.

Bwana amkaribishe mezani pake, naye apumzike kwa amani.